Uchungu Usio Wangu

Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, maboma mengi ya Wabukusu katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia nchini Kenya hukesha. Mvulana amekwisha kuzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, kengele za chuma zinazolia mikononi, akiwaalika waje kushuhudia. Mjomba amemchinjia na kumvika nyama shingoni. Usiku umepita kwa nyimbo. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa matope baridi mwili mzima, kisha anarudishwa nyumbani akiwa uchi, umati ukimsindikiza kwa wimbo wa Sioyaye. Anasimama mbele ya nyumba ya baba yake, macho ameyakaza. Ngariba, ambaye Wabukusu humwita omukhebi, anatokea alikojificha. Hakuna ganzi. Kisu kinafanya kazi yake kwa muda mfupi sana, firimbi inapulizwa, na kila aliyekuwa ameshika pumzi anaiachilia.

Watu huja kumtazama mvulana. Mimi huwatazama wanaomtazama. Baba amesimama wima, uso hausemi kitu, ila ngumi zimekazwa. Shangazi ameuma mdomo wa chini. Vijana waliopita hapo miaka miwili nyuma wanabana mapaja bila kujijua. Mama, ambaye kwa desturi hubaki ndani ya nyumba, haoni lolote, lakini anakisikia kimya cha umati na anajua maana yake. Kisu kimegusa mwili mmoja na miili mingi imeshtuka. Hata hivyo hakuna anayekimbia, wala anayemnyang'anya ngariba kisu. Wanaumia naye, na wanabaki naye.

Mambo hayo mawili, kuumia na mtu na kubaki na mtu, tumezoea kuyaona kuwa ni jambo moja. Kadiri ninavyosoma habari za ubongo, na kadiri ninavyoyatafakari yaliyotokea katika kaunti hizi mbili, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni mawili, na kwamba balaa zetu nyingi huzaliwa pale yanapoachana.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mwaka 2004, Tania Singer na wenzake jijini London walichapisha katika jarida la Science utafiti unaoonyesha kwamba msemo huo ni kweli nusu. Waliwaalika wanawake 16 na wapenzi wao. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, mpenzi wake akaketi kando yake, na mkono wa kila mmoja ukafungwa waya wa umeme. Alama iliyotokea mbele ya macho ya mwanamke ilimwambia nani atapigwa shoti, yeye au mwenzake. Aliposhtuliwa yeye, ubongo wake uliamka katika sehemu nyingi: zile zinazotambua mguso umetua wapi na una nguvu kiasi gani, na zile zinazoupa mguso huo ubaya wake. Aliposhtuliwa mpenzi wake, zile za kwanza zilinyamaza. Za pili ziliamka vilevile: sehemu ya mbele ya insula, tabaka la ubongo lililojikunja ndani kabisa upande wa masikio, na singuleti ya mbele, iliyo katikati pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana.

Kwa hiyo mahali pa jeraha panabaki pa mwenye jeraha. Hapo wahenga hawakukosea. Lakini ubaya wa jeraha hugawanywa. Shangazi yule aliyeuma mdomo haoni kisu kikimkata yeye, ila ule uzito unaomfanya binadamu atamani jambo liishe upesi umempata kweli, ndani ya nyama ya ubongo wake.

Ni kweli kwamba insula haiamki kwa uchungu wa wengine peke yake. Huamka kwa kinyaa, na kwa mambo mengi yanayomgusa mtu ghafla, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiasi gani cha maumivu yetu wenyewe kimo katika huruma yetu. Jibu moja lilitoka Vienna mwaka 2015. Markus Rütgen, Claus Lamm na wenzao waliwapa watu kidonge kisicho na dawa yoyote, wakawaambia ni dawa kali ya kutuliza maumivu. Wale waliokimeza hawakuumia sana kama wengine waliposhtuliwa, hilo lilitarajiwa. Lakini pia uchungu waliouona kwa ajili ya mtu mwingine aliyeshtuliwa mbele yao ulipungua. Na walipopewa dawa inayozuia njia ambazo mwili hutumia kujituliza, mambo yote mawili yalitoweka pamoja. Tunatumia mwili wetu wenyewe kumwelewa anayeumia. Hatuna chombo kingine.

Basi hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwa uchungu wako unapita kwangu, uchungu wako ni mzigo wangu, na mwili wowote unaobebeshwa mzigo hutafuta namna ya kuutua. Ubongo unajua kujinyamazisha, na hufanya hivyo kila siku; bila hivyo hakuna ambaye angeweza kupita katika wodi ya majeruhi na kutoka akiwa na akili zake. Kinachonishughulisha ni kinachofuata baada ya kimya hicho. Mtu ananyamazisha uchungu wa mwenzake ili apate kumsogelea, au ili apate kumwacha?

Mfano wa kumsogelea ni huu. Mwaka 2007 Yawei Cheng na wenzake nchini Taiwan waliwaonyesha watu picha za sindano zikichoma mikono, miguu na midomo. Watu wa kawaida walipoziona, insula na singuleti ziliamka. Matabibu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwachoma wagonjwa sindano za tiba ya Kichina hawakuonyesha mwamko huo. Badala yake yaliamka maeneo ya mbele ya ubongo yanayotawala hisia, pamoja na yale tunayoyatumia kufikiria yaliyo katika akili ya mtu mwingine. Walikuwa wametulia, lakini hawakuwa wametoka. Walimfikiria mgonjwa badala ya kuumwa naye. Yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto aliyeungua kwa chai ya moto hospitalini anautambua utulivu huo. Sista anayesafisha kidonda hawezi kulia pamoja na mtoto. Mkono ukitetemeka, mtoto ataumia mara mbili. Tunamshukuru kwa kutosikia kila kitu, kwa sababu kutosikia kwake kunamtumikia yule anayeumia.

Mfano wa kuacha uko katika mji wa Bungoma, nao umeandikwa katika kumbukumbu za Mahakama Kuu. Tarehe 1 Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama watajifungua bure katika hospitali za umma. Lilikuwa tangazo jema, na wanawake walikuja. Vitanda na wahudumu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Mwezi Agosti mwaka huo huo, mwanamke mmoja alifika kujifungua katika hospitali kuu ya Bungoma. Uchungu ulipozidi aliambiwa atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Alikuta vitanda vimejaa. Akiwa njiani kurudi alianguka, akapoteza fahamu, akajifungua kwenye sakafu ya ushoroba. Alipozinduka, wauguzi wawili walikuwa wakimpiga makofi na kumfokea kwa kuchafua sakafu. Aliamriwa ainuke, abebe kondo lake, atembee. Tukio hilo lilirekodiwa, na taifa likaliona kwenye televisheni.

Nimefikiri sana juu ya wauguzi wale, na sitaki kuwaita wanyama, kwa sababu neno hilo lingetupa sisi wengine ruhusa ya kulala usingizi. Naamini siku ya kwanza walipoingia leba wakiwa wanafunzi, kilio cha mama kiliwachoma. Kisha vilikuja vilio vingine, usiku baada ya usiku, kimoja juu ya kingine, katika wodi isiyo na nafasi. Ubongo ulifanya unachojua kufanya: ulinyamaza. Lakini pale palipobaki wazi hapakuwekwa kitu. Hapakuwa na muda wa kumfikiria mgonjwa, wala mkubwa wa kazi wa kuuliza sista naye anaendeleaje, wala ndugu wa mgonjwa aliyeruhusiwa kuketi kando ya kitanda. Huruma iliponyamazishwa, kilichobaki kikisikika ni sakafu chafu na uchovu. Mama alikuwa mbele yao, damu yake iko miguuni pao, na hawakumwona.

Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba heshima ya mwanamke yule ilikuwa imevunjwa na kwamba alitendewa ukatili unaodhalilisha utu. Iliagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Kuna watu waliohoji fedha zile zingemrudishia nini. Mimi naliona jambo jingine katika hukumu ile. Hakuna mahakama inayoweza kuiamuru insula ya mtu iamke. Inachoweza kuamuru ni kwamba mama asipigwe, awe na kitanda, aelezwe, asikilizwe, hata na mtu ambaye siku hiyo hana hisia yoyote iliyobaki moyoni. Haki zipo kwa ajili ya saa zile ambazo huruma imechoka.

Lakini uchovu si njia pekee ya kunyamazisha uchungu wa mwingine. Ipo njia nyepesi zaidi isiyohitaji hata siku moja ya kazi: kuamini kwamba anayeumia si wetu.

Njia hiyo Trans Nzoia inaijua vyema. Walowezi wa Kizungu walipoondoka, mashamba yaliyoizunguka Kitale yaligawanywa na kununuliwa na watu waliotoka pande nyingi, na leo katika soko la Kitale unaweza kusikia Kibukusu, Kisabaot, Kinandi, Kikikuyu, Kiteso na Kiturkana kabla hujamaliza kununua debe la mahindi. Ni utajiri, na mara nyingi umekuwa amani. Mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliivunja amani hiyo. Kisha katika Mlima Elgon, upande wa Bungoma, mgogoro wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, ambalo kati ya 2006 na 2008 liliua mamia ya watu na kukata wengine masikio. Mwezi Machi 2008 jeshi liliingia kwa operesheni iliyopewa jina Okoa Maisha, na maelfu ya wanaume walikusanywa. Wengi waliteswa katika kambi ya Kapkota, na wengine hawajarudi hadi leo. Miezi hiyo hiyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa umejaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Aliyekata sikio la mwenzake alikuwa na insula. Askari aliyesimama juu ya mgongo wa mfungwa alikuwa nayo pia.

Mwaka 2010 Grit Hein, Singer na wenzao walifanya jaribio na mashabiki wa kandanda nchini Uswisi. Kila mmoja alimtazama shabiki mwenzake wa timu, kisha shabiki wa timu pinzani, akipigwa shoti mkononi. Aliruhusiwa, akitaka, kuchukua nusu ya maumivu hayo mwilini mwake. Kwa mtu wa timu yake, kadiri insula ilivyoamka ndivyo alivyokubali kuumia ili kumpunguzia. Kwa mpinzani hali ilibadilika: kwa wale waliomdharau zaidi, kiini cha ubongo kinachohusika na furaha ya kupata kitu ndicho kilichoamka, na kadiri kilivyoamka ndivyo walivyokataa kusaidia. Hao walikuwa watu wasiogombania shamba wala mpaka, wasio na kaburi la kulipiza. Timu tu.

Mwaka huo huo, Alessio Avenanti na wenzake nchini Italia walipima namna mwili wa mtazamaji unavyojikaza anapoona sindano ikichoma mkono wa mtu. Waitaliano weupe na Waafrika waishio Italia walijikaza mkono ulipokuwa wa rangi yao. Ulipokuwa wa rangi nyingine, mwitiko ulipungua. Kisha watafiti wakawaonyesha mkono uliotiwa rangi ya zambarau, mkono ambao hakuna binadamu anao. Miili yao ilijikaza. Nililisoma jambo hilo nikaliweka moyoni. Ugeni peke yake haukuwafunga. Mkono wa zambarau ni mgeni kuliko wote, lakini hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa na mjomba wake kwamba watu wa zambarau ni wezi wa mashamba. Kinachotufunga ni simulizi tulizolishwa.

Ndiyo maana Agosti ina sura ya pili. Katika baadhi ya misimu, magazeti yameripoti wanaume wa jamii nyingine waliokamatwa na makundi ya vijana katika miji yetu na kutahiriwa kwa nguvu. Kisu ni kilekile, matope ni yaleyale, wimbo ni uleule. Lakini hapo hakuna shangazi anayeuma mdomo. Watu wanacheka. Umati unaoweza kuumia na mtoto wake asubuhi unaweza kumchekelea mtoto wa mwingine jioni, na wote wakarudi nyumbani wakijiona watu wa mila. Na hata katika ile sura ya kwanza lazima tuseme kweli: mapenzi ya umati kwa mvulana yana sharti. Akilia, aibu itamfuata. Wazazi wanaompeleka mtoto wao hospitalini akadungwa ganzi hawajapungukiwa na utu. Huenda wameusikia uchungu wake mapema kuliko wengine.

Kama huruma hufungwa kwa mafunzo, je, inafunguliwa kwa mafunzo? Hein na wenzake walirudi na swali hilo mwaka 2016. Waliwaweka watu wakisubiri kupigwa shoti, kisha mtu kutoka kundi wasiloliamini akatoa fedha yake ili wasiumizwe. Wema wa namna hiyo, mara chache tu, ulitosha kubadilisha mwitiko wa ubongo wao. Baadaye waliumia zaidi walipomwona mtu wa kundi lile akiumia, hata yule ambaye hakuwahi kuwasaidia kwa lolote. Ubongo ulikuwa umejifunza kutokana na mshangao: nilitarajia ubaya, nikapata wema.

Katika kila vita vya majirani nilivyovitaja, walikuwepo majirani waliowaficha majirani. Walikuwepo waliobeba unga hadi uwanja wa maonyesho wakiwapelekea watu wa kabila ambalo redio za mitaani zilisema ni adui. Mjini Bungoma, shirika la Western Kenya Human Rights Watch lilikusanya majina ya waliouawa na waliopotea mlimani, walioangamizwa na SLDF na waliochukuliwa na wanajeshi, wote kwa kalamu moja. Tumezoea kuyahesabu mambo kama hayo kuwa matendo mema ya watu wachache. Yana nguvu zaidi ya hapo. Kila moja limegeuza ubongo wa mtu aliyelipokea, na kupitia kwake limewafikia watu ambao mtenda wema hatawajua kamwe. Simulizi moja ya jirani aliyefungua nyumba yake usiku inastahili kusimuliwa kwa watoto mara nyingi kuliko simulizi kumi za waliochoma nyumba. Tukisimulia za kuchoma tu, tunawafunga sisi wenyewe.

Limebaki jambo la mwisho, la watu ambao hawawezi kuukwepa uchungu wa wengine: sista wa zamu ya usiku, mama anayemlea mtoto mwenye selimundu ambaye mifupa humuuma hadi alfajiri, mshauri anayewasikiliza walioteswa. Je, watumie nini wasiishe? Matthieu Ricard, mwanasayansi wa Ufaransa aliyegeuka mtawa wa Kibuddha, aliombwa na Singer aingie katika mashine ya kupima ubongo na kujaza moyo wake uchungu wa watoto aliowaona katika filamu kuhusu nyumba za yatima za Romania, bila kuongeza kitu kingine. Baada ya muda usio mrefu alisema amechoka kabisa. Aliporuhusiwa kuwaelekezea watoto wale upendo na nia ya kuwatendea mema, nguvu zilimrudia, na taswira ya ubongo wake ikawa tofauti. Olga Klimecki na Singer waliona jambo la namna hiyo kwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa siku chache. Mafunzo ya kuumia pamoja na mtu yaliamsha insula na kuwajaza huzuni. Mafunzo ya kumtakia heri na kumwelekea yaliamsha maeneo mengine, yale ya upendo na uhusiano, na moyo ukainuka ingawa walitazama mateso yaleyale.

Kwa hiyo anayechoka kwa uchungu wa wengine hakosi moyo. Mara nyingi amewekwa mahali ambapo anaweza kuumia lakini hawezi kutenda. Mwuguzi mwenye kitanda cha kumpa mama, glavu, dawa, na dakika tano za kumshika mkono na kumwambia "mama, niko hapa", uchungu wa mama yule una pa kwenda. Unakuwa tendo. Asiye na hivyo, uchungu unabaki ndani yake ukimla mpaka aamue kutousikia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama anayejifungua awe na mtu aliyemchagua kando yake, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaopata msaada wa kudumu wa namna hiyo huelekea kujifungua kwa muda mfupi zaidi na kuhitaji upasuaji mara chache zaidi. Kubaki na mtu si faraja ya maneno. Ni tiba.

Huruma si kipawa cha walio na mioyo laini. Tunazaliwa na mwanzo wake, mwamko ule wa sehemu ndogo ya ubongo, na hapo asili imemaliza kazi yake. Mengine ni yetu. Bajeti ya kaunti inayoajiri wakunga wa kutosha ni kazi ya huruma. Mwalimu wa Endebess au Kiminini anayewaketisha watoto wa makabila matano kwenye dawati moja, akakataa mzaha unaomdhalilisha mmoja wao, anafanya kazi ya huruma. Mzee anayesimama kati ya kundi la vijana na mgeni mwezi wa Agosti na kusema huyu haguswi, anaifanya kwa gharama kubwa. Hakuna kati yao anayehitaji kusubiri moyo umchome kwanza. Afanye, na moyo utajifunza kutoka kwa mikono yake.